Kikopo Chenye Herufi Nyekundu

Dukani, 6 Februari

Sekunde wangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mzima. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Duka lipo. Saa za ukutani bado zinagonga adhuhuri kila moja kwa wakati wake, na wateja bado wananiuliza ni fundi saa gani huyu ambaye saa zake hazipatani. Nawajibu kama siku zote, kwamba zilizopatana zimeshachukuliwa na wenyewe.

Simu uliyoninunulia iko kwenye droo. Usinune. Nikiongea humo nasikia sauti yangu inanirudia, nasahau nilichotaka kusema. Karatasi ina subira.

Sasa nisikilize. Jana kaja mwalimu mmoja na saa yake ya mkononi, kashika gazeti limeandika habari za lenzi za machoni zinazojiulia vijidudu zenyewe. Nikamwambia, hiyo ndiyo kazi ya binti yangu, huko maabara. Akaniangalia kama namtania. Nikamwambia tena, kwa madaha kabisa, kwamba huyo ndiye Sekunde aliyekuwa akikaa chini ya meza hii hii kuniokotea skrubu, na nikimwambia atulie anatulia kidogo kuliko mshale wa sekunde. Alicheka, lakini nadhani ameamini.

Basi nitumie jozi moja. Unajua jicho la kulia ndilo linalonilisha. Miwani haijawahi kunifaa tangu kioo cha jicho kilipoanza kuchongoka, na bila lenzi mimi naona saa kama yai. Alipokuwepo mama yako sikuwa na shida. Asubuhi nanyoosha kiganja, ananiwekea lenzi, safi, moja baada ya nyingine. Jioni namrudishia. Katikati ya hapo sikujua anafanya nini, na sikuuliza. Sasa mwaka umepita na zaidi, na bado kila asubuhi mkono wangu unanyooka wenyewe kabla sijakumbuka.

Hizo zako zinazojilinda zitanipumzisha. Nitumie.

Baba yako,
Fundi


Maabara, 15 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, na watu wakinipita wakadhani nimepata habari mbaya, kumbe nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Umeniandikia mkono unanyooka wenyewe. Mimi huku kila nikisikia harufu ya ile sabuni ya kijani narudi jikoni kwetu, nimesimama kwenye kigoda, nachungulia.

Wewe hukujua mama anafanya nini kwa sababu ulikuwa unasikiliza redio. Mimi nilijua. Kwanza ananawa, mpaka katikati ya vidole, kama daktari. Anajifuta na lile taulo la bluu la msumarini, ambalo ole wake atakayeligusa. Dawa ya lenzi ya jana anaimwaga yote kwenye sinki. Nilimwambia siku moja, mama, si bado ipo nyingi? Akasema, dawa iliyolala na lenzi imeshachoka. Kisha anaisugua lenzi kiganjani kwa dawa mpya, taratibu, na siyo kwa maji ya bomba hata tone. Na asubuhi kile kikopo cha kulazia lenzi anakisuuza kwa dawa, anakigeuza chali—hapana, kifudifudi—kikauke juu ya tishu. Kila nikieleza wageni hapa maabara jinsi bakteria wanavyojijengea utando ndani ya kikopo chenye unyevu na kukaa humo kama wamelipia pango, ninamwona yeye na lile taulo. Nilijifunza vijidudu kwake kabla sijajua kwamba vina jina.

Sasa hizo lenzi. Baba, siwezi kukutumia, na usinikasirikie. Tunachofanya ni kuipaka lenzi vipande vidogo sana vya protini, ndugu wa zile zilizomo kwenye machozi, ili bakteria akitua apasuke kabla hajashika. Wenzetu wengine wanajaribu madini ya fedha kwenye vikopo. Kwenye sahani zetu za kioo inafanya kazi vizuri mpaka raha. Lakini sahani siyo jicho. Hazijapewa ruhusa ya kuwekwa kwa watu, na sitaweka kwenye jicho la baba yangu kitu ambacho sijui kitalifanyia nini. Na hata siku zikiruhusiwa, zitaoshwa vilevile. Hakuna lenzi itakayokunawisha mikono.

Halafu nina swali. Mistari ya barua yako inashuka upande wa kulia. Wewe uliyenipiga kikumbo nikiandika bila rula. Jicho likoje? Na lenzi unaziosha vipi siku hizi?

Mwanao,
Sekunde


Dukani, 24 Februari

Binti yangu,

Nimekuelewa. Wengine watavaa, baba asubiri kibali. Sawa.

Mistari inashuka kwa sababu meza ina mguu mfupi. Jicho limeingia vumbi tu, nimenunua matone duka la dawa na linaendelea vizuri. Lenzi unauliza naziosha vipi. Naziosha.

Kuhusu taulo la bluu, shangazi yako alilichukua baada ya msiba akawa anashikia masufuria ya moto. Niliona, nikanyamaza. Ningesema nini? Sikujua lilikuwa la kazi gani, nilijua ni la mama yako tu.

Saa kubwa ya ofisi ya posta imeletwa. Nina kazi nyingi.

Fundi


Nyumbani, 3 Machi

Mwanangu Sekunde,

Mimi ni shangazi yako na sina muda wa salamu. Simu yako inaita tu, najua mnazifungia kabatini mkiingia kwenye vijidudu vyenu. Ukipata barua hii kabla hujanipigia, panda gari uje.

Baba yako jicho la kulia limekuwa jekundu kama nyanya na katikati pana doa jeupe. Mwanga halitaki. Anakaa dukani amefunga dirisha, anawaambia wateja eti anazipumzisha saa. Mimi nimepika shule tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, nimeona macho ya watoto ya kila aina, hili silipendi.

Sasa ngoja nikwambie nilichokiona, na asijue nimekwambia. Juzi nimemkuta anataka kuvaa lenzi. Kalamba kidole! Kalamba kidole, kaigusa lenzi ikamnata, kaipeleka jichoni. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Ananiambia, "Ndivyo skrubu ndogo inavyookotwa." Nikamwambia jicho lako lina skrubu? Halafu dawa hamwagi, anaongezea juu ya ya jana, anasema ni kuharibu kumwaga kitu kizima. Na usiku mwingine analala nazo, kwa sababu akizivua kazi ya kuzirudisha kesho inamkera.

Nilitaka kukichukua kile kikopo nikakitupe, kwa sababu ndani kimekuwa na ute kama sufuria ya uji iliyosahauliwa. Weee! Kaka yangu huyu ambaye hajawahi kuninyanyulia sauti tangu tukiwa watoto, leo kaninyanyulia. "Weka chini!" Nikaweka chini. Mpaka sasa sijaelewa.

Na lile taulo nimelifua, nimelirudisha msumarini. Hamkuniambia.

Njoo.

Shangazi yako


Maabara, 14 Machi

Baba, shikamoo. Shangazi, shikamoo na wewe, maana najua wewe ndiye unayesoma kwa sauti. Tafadhali soma yote, hata pale ambapo utaona nakuhusu.

Tangu nirudi huku kutoka kwenu sijalala vizuri. Nakuona tu umekaa kwenye benchi la hospitali, kofia imefunika jicho, umenishika mkono kama mimi ndiye mzazi. Ulinikumbusha siku ya kwanza uliyonipeleka shule, tofauti ni kwamba siku hiyo aliyekuwa analia ni mimi.

Nimeongea na daktari wa macho leo. Sitakuficha: kidonda hakipungui. Walikwangua kidogo ili wajue ni kijidudu gani, lakini hakikuota kitu, kwa sababu yale matone ya duka la dawa yalishavuruga. Anakupa dawa kwa kubahatisha. Akibahatisha vibaya kwa siku nyingi zaidi, kidonda kitatoboa, na jicho litaondoka. Baba, nimesema. Litaondoka.

Alipokuuliza kikopo cha lenzi kiko wapi, ulisema umekitupa. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikutazama mikono. Ulikuwa unasugua kidole gumba, kama ulivyokuwa ukifanya ukimwambia mteja saa yake itakuwa tayari kesho.

Kama kipo, nakiomba. Kijidudu aliye kwenye jicho lako karibu kwa hakika ndiye aliye ndani ya kikopo, na humo matone hayakumfikia. Wakubwa wangu wameshakubali tumwoteshe kwenye sahani zetu hapa na tujaribu dawa moja moja tuone ipi inamuua.

Sitakuuliza kwa nini ulisema umekitupa. Nakijua kile kikopo. Nilikuwepo mama alipokiandika.

Sekunde


Nyumbani, 17 Machi

Sekunde wangu,

Mkono huu ni wa shangazi yako, maneno ni yangu. (Na mimi naandika kila kitu, asije akasema sikuandika. Sh.)

Kipo. Kilikuwa kwenye droo ya skrubu, ndani ya soksi. (Soksi! Sh.)

Utakumbuka ilikuwaje. Ulikuwa mdogo. Nilizichanganya lenzi, ya kulia nikaivaa kushoto, nikafungua saa ya bwana harusi siku ya harusi yake nikaweka gurudumu kinyume. Mshale ukarudi nyuma. Watu walicheka ukumbi mzima, na bwana harusi naye akacheka, lakini mimi nilirudi nyumbani kabla ya chakula. Mama yako hakunipa pole hata moja. Alikaa kitandani, akachukua ile rangi yake nyekundu ya kucha, akaandika K kwenye kifuniko kimoja na L kwenye kingine. Nikamwambia, K ni kulia, na L je? Kushoto si nayo ni K? Akasema, L ni la pili, fundi, utakuwa umeshazinduka ukifika la pili. (Ndiyo maana! Miaka yote nilidhani hajui kuandika kushoto. Sh.)

Baada ya hapo kila kikopo kipya alikiandika. Hiki ndicho cha mwisho. Alikiandika wiki aliyoanza kuugua. Rangi ilimdondokea kwenye shuka, akasema usijali, nitalifua. Hakulifua. Wewe ulilifua baada ya mazishi, sikukwambia lisifuliwe, nilichelewa.

Kwa hiyo mnaposema kitupwe, kila mtu anasema kitupwe, mimi nilikuwa naona nimebakiziwa herufi mbili na watu wanazitaka nazo. Ndani kulikuwa na ute, niliona. Sikutaka kusugua, rangi isije ikabanduka. (Hapa nimemletea maji. Sh.)

Shangazi yako anakuja nacho mwenyewe, amekifunga, amekitia kwenye mfuko wa nailoni na mfuko ndani ya kopo. Anasema atakipakata safari nzima na abiria akimsogelea atamwambia kuna ugonjwa. (Nitamwambia. Sh.)

Chukua mnachohitaji. Halafu nirudishie. Hilo tu ndilo ninaloomba, na najua unaweza.

Fundi


Maabara, 25 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua habari njema umeshazisikia hospitalini, lakini acha nizirudie kwa raha yangu. Tumempata. Ni bakteria anayependa majimaji, anakaa kwenye masinki, kwenye bomba, na kwenye vikopo vya lenzi ambavyo havikaushwi. Dawa uliyokuwa unapewa alikuwa anaiogelea. Ile ya pili tuliyoijaribu ndiyo iliyommaliza, na daktari ameniambia doa limeanza kusinyaa. Nilitoka nje ya maabara nikaruka kama mtoto. Mlinzi ameniona na sijali.

Sasa lingine, na nataka ulisikie kwangu.

Kikopo sikurudishii. Chochote kikiingia hapa na vijidudu vyake hakitoki kama kilivyoingia, hiyo ndiyo sheria, na ni sheria nzuri, ningeiandika mimi kama isingekuwepo. Kilipaswa kwenda kwenye mashine ya mvuke na kutoka huko kwenda kuchomwa. Mwenzangu alitaka kukibeba, nikamwambia acha, hiki ni cha kwetu. Nikakiingiza mwenyewe.

Kabla ya hapo nilikiweka chini ya taa, kimefungwa, nikakiangalia. K ya mama imeegemea nyuma. L yake ina tone pale chini ambapo brashi ilikaa. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akishusha pumzi akimaliza herufi, kama mtu aliyevusha kitu kizito. Nililia, baba, na barakoa usoni, na ukilia ukiwa na barakoa na miwani ya kazi huwezi kujifuta, inabidi usubiri yaishe yenyewe.

Mtu aliyekuwa akimwaga dawa kila siku, unadhani angetaka usafi wake uishie kwenye jicho lako namna ile? Nisamehe kama maneno haya ni makali. Nimekasirika kidogo. Nimekasirika kwa sababu nilikuwa nakujua vizuri hata kulijua hilo gumba lako, lakini sikukuuliza mapema nani sasa anakuwekea lenzi kiganjani.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kikopo kipya. Nimenunua rangi nyekundu. Nilijaribu kuiga mkono wake kwenye karatasi, nikajaza karatasi nzima, nikashindwa, nikaandika tu kwa mkono wangu. Usikitumie mpaka daktari akuruhusu lenzi tena. Na kikishatimiza miezi mitatu, kitupe. Hata kama kinang'aa. Hata kama rangi haijabanduka. Nitakutumia kingine.

Kidole hakilambwi. Shangazi, umesikia? Ukimwona, piga kelele jirani aje.

Sekunde


Dukani, 11 Septemba

Sekunde wangu,

Marahaba. Angalia mistari. Imenyooka, na meza bado ina mguu mfupi, basi utajua mwenyewe ni nani alikuwa mwongo.

Kidonda kimeacha kovu jichoni. Daktari anasema litabaki. Nikitazama saa ya ukutani naiona yote, ila pembeni kuna ukungu mdogo, kama kioo cha dirisha asubuhi ya baridi. Saa ndogo za akina mama sizigusi tena kwa jicho hilo, nazifanya kwa la kushoto, polepole, na nyingine nazikataa. Inaniuma kukataa. Lakini niliyafungua macho leo asubuhi, yote mawili, na yote mawili yakaona dari. Nilikaa kitandani nikaiangalia dari hiyo kwa muda mrefu mno kwa mtu mwenye kazi.

Jioni nafanya kama ulivyosema. Nanawa, katikati ya vidole. Najifuta na taulo la bluu, ambalo sasa hata shangazi yako akilipita anajikunyata. Namwaga dawa ya jana. Bado inanikera kumwaga, nakwambia ukweli, lakini namwaga. Redio naizima nikiwa na shughuli hiyo. Nimegundua kwamba sinki letu, maji yakishuka, linatoa mlio mfupi mwishoni. Mama yako alikuwa akiusikia mlio huo kila jioni ya maisha yake nami nipo chumba cha pili, sikuwahi kuusikia.

Kikopo chako nilipokifungua mara ya kwanza, niliudhika kidogo. K ile si ya mama yako. Yake ilikuwa inaegemea nyuma, yako imesimama wima kama askari, na L yako umeipa mkia ambao hakuna aliyeuomba. Nilikaa nacho dukani siku nzima nikikigeuzageuza. Kisha nikashukuru. Ungeuweza mkono wake, Sekunde, ningekificha kwenye soksi.

Miezi mitatu imetimia leo tangu daktari aniruhusu. Nimekitupa. Usiniulize nimekitupaje, na usimuulize shangazi yako, atatia chumvi. Nimekitupa kikiwa kinang'aa, na rangi haijabanduka.

Lenzi ziko kwenye kikombe cha dawa alichotuazima nesi. Haziwezi kukaa humo siku nyingi.

Andika kingine.

Baba yako,
Fundi